Mtani Aliyekataa Kuanguka

Jumamosi, tarehe kumi Julai mwaka 1886, Bagamoyo iliamka na baridi ya kipupwe. Manyunyu ya alfajiri yalikuwa yameushikamanisha mchanga wa barabara, na upepo wa kusi ukawa unazichezea nguo zilizotundikwa milangoni mwa maduka. Idi ilikuwa imepita juzijuzi. Msafara mkubwa ulikuwa umeingia kutoka bara na pembe za ndovu, na wapagazi waliotua mizigo walijaa barabara nzima, wakitazama kila kitu kwa macho ya watu waliotembea mbali.

Katikati ya umati huo alipita Mwanvita binti Mwinjuma, kikapu cha mchele kichwani. Alikuwa amejifunga kaniki mpya, na mabegani leso nyekundu yenye madoa meupe. Mchele aliutwanga mwenyewe, na alikuwa akiupeleka dukani kwa Yusufali.

Nusu ya njia akasikia kicheko nyuma yake. Akaendelea, kicheko kikaendelea. Akasimama, watu wakanyamaza. Alipotembea tena, wakaangua upya.

Akapapasa leso yake, ilikuwa sawa. Akapapasa kaniki, haikuchanika. Mwanamke mwingine angegeuka na matusi, lakini Mwanvita tangu utoto alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kutaka kujua. "Kama kicheko kinafuata miguu yangu," aliwaza, "basi ngoja niichezeshe miguu."

Akanyanyua mguu kama mtu anayepiga hatua, kisha asiushushe.

Nyuma yake, puu!

Barabara ilipasuka kwa vicheko. Mwanvita alipogeuka akamwona kijana mrefu, mwembamba, amelala kifudifudi ndani ya kanzu pana ya kutosha watu watatu. Kichwani alikuwa na kikapu kitupu, na pamoja na kuanguka kote huko kikapu kilikuwa bado kimetulia pale pale. Kijana akainuka taratibu, akakigusa kikapu, akashangaa kukikuta.

"Wewe! Ulikuwa unaniiga mwendo?"

Kijana akatazama kulia, akatazama kushoto, akageuka kutazama nyuma kumtafuta anayeulizwa. Watu wakacheka hata wengine wakakaa chini.

"Hana ulimi huyu?"

"Anao, binti yangu," akajibu Yusufali, aliyesimama mlangoni mwa duka lake na kofia yake ya dhahabu. "Lakini hapa nje nimemkataza kuutumia. Tazama barabara hii. Mnyamwezi yupo, Mgogo yupo, Mmanga yupo, Mhindi yupo. Nitaisifu nguo yangu kwa lugha gani? Mrisho akianguka, wote wanaelewa. Wakishaelewa wanasogea, wakisogea wanaona nguo."

Ndani ya duka, mchele ulipokuwa unapimwa, Mrisho alikuja akiwa ameivua ile kanzu kubwa. Kumbe sauti yake ilikuwa ya upole, tena ya aibu kidogo.

"Dada, niwie radhi. Lakini ule mguu umejifunza wapi? Huu mwaka wa pili naanguka barabarani hapa, na hakuna aliyewahi kuniangusha."

"Kwenye kinu."

"Kinu?"

"Tukitwanga wawili kinu kimoja, mchi wangu unashuka wa mwenzangu ukipanda. Mwenzangu akijifanya anashusha asishushe, nami napotea. Basi nimekudanganya mchi."

Mrisho akacheka kwa sauti. "Unaitwa nani?"

"Jina la nini? Si unaujua mwendo wangu? Nenda kawaulize watu kwa miguu."

Yusufali akapiga mapaja. Mwanvita akachukua kikapu chake, akafika mlangoni, akarudi. Swali lilikuwa linamkaba.

"Kitu kimoja sijakielewa. Walianza kucheka kabla hujafika chini. Kwa nini?"

Kijana alimtazama kama mtu aliyeulizwa siri za nyumba yao. "Hapo ndipo penyewe. Mtu akianguka papo hapo, watu husema pole. Akining'inia kidogo, wakaona anaanguka na yeye bado hajui, hapo ndipo wanapocheka."

"Aning'inie kiasi gani?"

"Hicho kiasi hakisemeki, dada. Akizidisha, wanachoka. Akipunguza, wanamwonea huruma."

"Basi nitarudi kutazama," akasema Mwanvita. "Na jina langu ni Mwanvita."

*

Alirudi, lakini hakurudi peke yake. Alikuja na Bibi Chausiku, mama wa baba yake, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Bibi Chausiku alikuwa na mwendo uliojulikana mji mzima: hatua mbili, anasimama, anamkemea kuku aliye karibu hata kama hajafanya kosa, kisha anaegemea fimbo yake nyeusi na kutazama nyuma kama mtu aliyeitwa. Alikaa barazani kwa Yusufali, akamtazama Mrisho akipigana na jora la merikani lililokataa kukunjika, akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.

"Kabila gani wewe, mume wangu?" alimwuliza.

"Mzigua, bibi. Kwetu ng'ambo ya Wami."

"Alaa! Kumbe mtani! Ndiyo maana kuku wangu wanapungua."

"Bibi, afadhali sisi tunaoiba kuku. Nyie Wazaramo mkienda kuzika mkasikia ngoma, mnamwacha maiti njiani."

Bibi Chausiku akamchapa mguuni kwa fimbo, kwa furaha. Wazaramo na Wazigua ni watani tangu mababu, na mtani wa kweli ni mali. Yeye ndiye huruhusiwa kusema yasiyosemwa, na kwenye msiba ndiye huja kumwiga marehemu mwendo na vituko vyake, ili waliofiwa wacheke na machozi yapate njia.

"Sikiliza, mtani," bibi akasema, sauti ikishuka. "Siku Mungu akinichukua, usije kunililia. Wa kulia watakuwapo. Wewe njoo uniige. Wakinicheka, watanikumbuka nilivyokuwa."

Mrisho hakujibu kwa maneno. Aliweka mkono kifuani, akainama. Mwanvita aliiona ahadi ile kwa macho yake.

*

Tangu hapo, kila alasiri Mwanvita alipotwanga uani, kulikuwa na mtu nyuma ya ua wa makuti. Hakubisha hodi wala kuita. Mchi ukishuka, twa! Ukipanda, nje kunapigwa kofi moja, pa! Twa, pa, twa, pa. Mwanvita akikaza mwendo, kofi linakaza. Akichelewesha mchi kusudi, kofi nalo linangoja.

"Mwanvita!" aliita shangazi yake Tabia kutoka jikoni. Tabia alikuwa ameolewa Msata, na alikuwa amekuja kumtazama mama yake. "Unatwanga na nani?"

"Peke yangu, shangazi."

"Mbona mchi mmoja unatoa milio miwili?"

"Kinu kimepata ufa."

"Hm. Ufa wa kinu, au ufa wa ua?"

Kofi likanyamaza kabisa, na Mwanvita akauma leso asicheke.

Siku moja shangazi alipokwenda kisimani, Mrisho akanong'ona, "Mwanvita, mwandani wangu, nina neno."

"Lete."

Juu ya ua ukatokea mkono. Vidole viwili vikaanza kutembea juu ya makuti kama mtu na miguu yake. Mkono wa pili ukaja na vidole vyake, vikitembea kwa hatua za mtu aliyebeba kikapu kichwani. Wa kwanza ukasimama, ukaungoja wa pili, vikaenda pamoja hadi mwisho wa ua.

Mwanvita alihisi joto likipanda mpaka masikioni. "Ndiyo kusema unanitaka?"

Vidole vikaitikia.

"Sema kwa mdomo basi."

Kidole kimoja kikajikuna.

"Mrisho! Watu wazima husema."

"Nikisema utacheka."

"Kazi yako si kuchekesha?"

"Hili sitaki lichekeshe," akajibu. Mara ndoo ya shangazi ikasikika mlangoni, na nje hapakuwa na mtu tena.

*

Vuli ilipoanza, Bibi Chausiku alifariki. Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, akiwa bado juu ya mkeka na tasbihi mkononi. Akazikwa siku ile ile, na waliomtia kaburini walimshukuru Mungu kwa mwisho mwema.

Jioni watu walikaa matangani. Wanaume walijaa barazani, wanawake uani na mlangoni. Mzee Mwinjuma, baba yake Mwanvita, alikuwa hajadondosha chozi. Alikuwa mtu mkavu, aliyezoea kuongoza misafara, na huzuni yake aliifungia ndani. Aliichukua fimbo nyeusi ya mama yake, akailaza katikati ya baraza.

Mrisho akafika. Hakuvaa ile kanzu kubwa. Alivaa kanzu nyeupe ya kipimo chake, na kofia safi ya viua. Minong'ono ikakoma. Hata waliokuwa wakilia walijifuta macho wapate kuona.

"Mtani, karibu," akasema Mzee Mwinjuma. "Mama anakungoja."

Mrisho akaitazama fimbo. Akamtazama mzee. Kisha akateremsha macho, akapiga goti, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, baba. Poleni sana." Akaenda kukaa pembeni kabisa, kwenye ncha ya mkeka karibu na mlango, kichwa kimeinama.

Watu wakangoja. Mwanvita, aliyesimama mlangoni, alijua namna ya kungoja. Alijiambia: ananing'inia, sasa hivi ataanguka. Sasa hivi. Kahawa ikapitishwa. Mrisho hakukigusa kikombe chake mpaka wazee wote walipokunywa. Hakuinuka. Muda ukapita ule unaochekesha, ukapita ule unaochosha, ukaingia ule unaoumiza.

Mzee Mwinjuma akainama, akaiokota fimbo. "Basi," akasema. "Mama yangu ameondoka bila mtani."

Baada ya siku chache, alasiri, kofi likasikika nyuma ya ua. Mwanvita akauacha mchi hewani.

"Ulimwahidi."

"Mwanvita, nisikilize. Mimi nilifikiri..."

"Wapagazi usiowajua unawaangukia kutwa nzima. Bibi yangu aliyekuita mume wake, ukamkalia kama mtu aliyekosea nyumba! Nenda, Mrisho. Nenda na makofi yako."

Alikwenda. Mzee Mwinjuma naye alitoa neno: mtani aliyewakataa siku ya msiba asionekane mlangoni pao. Shangazi Tabia akamalizia, "Khitma ya arobaini ikipita, Mwanvita twende Msata. Kuna mtu mwema kule, mkulima, mkewe amefariki. Ameshaniuliza mara mbili." Mwanvita hakusema ndiyo, hakusema siyo.

*

Lakini ule ugonjwa wake wa kutaka kujua haukuzikwa pamoja na bibi. Kila alfajiri, baada ya sala, alibaki juu ya msala akiomba: "Ee Mola, sikuombi unirudishie mtu. Nijulishe tu kile nisichokijua." Maana hasira aliijua, ila sababu hakuiona. Mtu asiyeona haya kulala kifudifudi mbele ya mji mzima, aliona haya gani siku ile?

Alikuwa anapepeta mchele jibu lilipomjia. Aliirudia jioni ile yote kichwani, polepole, kama anavyotazamwa mtu anayeanguka. Kanzu ya kipimo. Goti chini. Hakusema "mtani", alisema "baba". Ncha ya mkeka, karibu na mlango. Kahawa baada ya wazee. Nani katika nyumba hii huwa anakaa pale, na huwa hanywi mpaka wazee wanywe? Mume wa shangazi Tabia, kila ajapo kutoka Msata.

Ungo ukamponyoka, kuku wakakimbilia mchele.

Mkwe! Mrisho alikaa kama mkwe. Na mkwe hafanyi mzaha mbele ya baba mkwe, hata kwa dawa.

Akaenda dukani kwa Yusufali na kikapu kisichojaa. Nje, Mrisho alikuwa akihangaika na jora lake. Alijikwaa, akaanguka papo hapo, puu. Mpagazi mmoja akasema, "Pole, ndugu," akaenda zake.

"Unaona?" Yusufali alilalamika. "Tangu ule msiba anaanguka kama gunia. Watu wanamwonea huruma, na mwenye huruma hanunui nguo."

Mwanvita akamfuata Mrisho ndani. "Nijibu kwa mdomo. Siku ile ulikaa kama nani?"

"Kama mkwe."

"Mkwe wa nani?"

"Wa baba yako. Mwanvita, mtani na mkwe hawakai mkeka mmoja. Nilifika pale, nikaiona fimbo, nikajiambia: nikimwiga mama yake leo, kesho nitampigia goti kwa uso gani kumwomba binti yake? Nilichagua heshima. Na tangu siku ile bibi ananijia usingizini, anakemea kuku, mimi hata hanitazami."

"Na baba alijuaje kwamba ana mkwe?"

"Hakujua."

"Mimi je, uliniambia?"

Mrisho akatazama chini. "Nilikuambia. Kwa vidole."

Mwanvita alitaka kukasirika, kicheko kikawahi. Kilimtoka pamoja na machozi, akajifuta kwa leso. "Umekuwa mkwe wa nyumba isiyojua kama ina mkwe! Umeyafanya yote, kuposa, kuoa, mpaka kukaa ukweni, peke yako, kimya!"

"Nimekosea, laazizi wangu. Nifanye nini?"

"Njoo kwenye arobaini. Uje na ile kanzu kubwa."

"Baba yako atanifukuza."

"Atakufukuza kabla ya kucheka au baada ya kucheka. Hilo liko kwako. Si wewe ndiye unayejua wakati?"

*

Siku ya khitma, wazee walisoma, wakaomba dua, watu wakala wali. Yusufali naye alikuja, akakaa na wazee. Mzee Mwinjuma alikuwa kwenye kiti chake, fimbo nyeusi imeegemezwa ubavuni pake. Shangazi Tabia alikwishafunga mizigo ya kwenda Msata.

Ndipo ile kanzu kubwa ikaonekana langoni.

"Nani kamkaribisha huyu?" akauliza Mzee Mwinjuma.

Mrisho hakutoa salamu. Alimtazama kuku aliyekuwa anadonoa karibu na kizingiti, na mgongo wake ukaanza kupinda. Shingo ikaingia mabegani. Hatua mbili, akasimama. Akamkemea kuku kwa kidole. Hatua mbili, akageuka kutazama nyuma kama mtu aliyeitwa. Mwanamke mmoja uani akaachia yowe dogo, "Jamani, Chausiku!"

Sasa akawa anatafuta fimbo. Mkono ukapapasa hewani, haukuona kitu, lakini mwili ulikuwa umekwishaanza kuegemea. Aliegemea hewa. Alining'inia pale mbele ya kiti cha Mzee Mwinjuma, bibi kizee anayeanguka na bado hajui, mkono wazi, miguu ikitetemeka ndani ya kanzu.

Hakuanguka.

Mwanvita alizuia pumzi. Alidhani anaujua muda huu, lakini ulikuwa mrefu kuliko wowote aliowahi kuuona barabarani. Mara akaelewa. Mrisho hakuwa anawangoja watu wote. Alikuwa anamngoja mtu mmoja.

Midomo ya Mzee Mwinjuma ikacheza. Mkono wake, kama si wake, ukashika fimbo, ukainyoosha mbele.

"Mama," akasema, "shika fim..."

Mrisho akaishika. Na sasa, akiwa na fimbo imara mkononi, akaanguka kwa kishindo, puu, kuku akaruka juu ya sinia la wali.

Nyumba nzima ililipuka. Wazee walioshika misahafu waliinamiana. Yusufali alivua kofia yake akajifunika nayo uso. Na Mzee Mwinjuma alicheka. Alicheka akishika mbavu, akacheka mpaka kicheko kikageuka, na mbele ya watu wote akamlilia mama yake, kwa mara ya kwanza tangu alipomtia kaburini.

Alipotulia, akajifuta macho. "Haya, mtani. Rudisha fimbo."

Mrisho akatikisa kichwa. Mtani akishika kitu cha marehemu hakitoi mpaka kikombolewe, na kila mtu alilijua hilo.

Shangazi Tabia akamletea kuku. Mrisho akamkemea kuku kwa kidole, akamkataa. Akaletewa sahani ya wali. Akaila yote, akajifuta mdomo, akaikumbatia fimbo.

"Unataka nini basi?"

Vidole viwili vikapanda juu ya fimbo, vikaanza kutembea. Vikasimama. Vikangoja.

"Baba," akasema Mwanvita kutoka mlangoni, "mwambie aseme kwa mdomo."

Shangazi Tabia akapiga vigelegele vya ghafla. "Ewe Mola! Kumbe huu ndio ule mchi wa pili!"

Mzee Mwinjuma aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama msafiri anayelinganisha njia mbili. "Ule usiku wa matanga ulikaa pale mlangoni," akasema taratibu. "Nikasema huyu ananidharau. Kumbe uliniheshimu kabla ya wakati. Kijana, leo ni mtani, siku nyingine ni mkwe, usizichanganye. Utani umekwisha. Vua hiyo kanzu."

Mrisho akaivua. Ndani alikuwa amevaa ile nyeupe ya kipimo chake. Akairudisha fimbo kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Mwanvita, unamtaka?"

"Namtaka, baba. Lakini nataka kwanza nimsikie."

Mrisho alifungua mdomo, akaufunga, na hakuna aliyecheka. Kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi uani:

"Mimi Mrisho bin Abdala, mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu nyote mliokuja kumwombea Bibi Chausiku, naahidi. Ijumaa ijayo wazee wangu watakuja kumposa Mwanvita. Na Mungu akitujalia tukakaa nyumba moja, neno lililo moyoni mwangu sitaliacha vidoleni. Nitamwambia yeye kwanza, kwa mdomo wangu. Na akicheka, nitalisema tena."